Msiniambie ni Krosi

Moshi kuna hukumu inayotolewa kila siku bila kesi kusikilizwa. Mtu analeta gari lake la zamani gereji, tuseme Datsun 240Z, anasema likifika kasi fulani linatetemeka, na kabla hajazima injini ameshajibiwa: "Hiyo krosi, bosi." Fundi akiwa mkarimu anaongeza maunti za injini. Akiwa amechoka anasema gari lenyewe limezeeka, chuma cha mwaka 1971 unategemea nini, tena kwa njia hizi za kupandia Kibosho na Uru zilizojaa rasta na mawe. Krosi, maunti, uzee, barabara. Ukishayataja hayo manne umemaliza elimu yote ya mtetemo inayopatikana kuanzia Majengo hadi Kiboriloni, na wenye magari tumeikubali kiasi kwamba anayeuliza "umejuaje?" huonekana mkorofi.

Basi mimi niwe mkorofi. Elimu hiyo ni ramli, na inawagharimu watu fedha, muda na magari mazuri ambayo yangeweza kuendelea kutembea. Mtetemo una hesabu. Kila kinachozunguka chini ya gari kina idadi yake ya mizunguko, na idadi hizo hazifanani. Anayejua kuzisikiliza anaweza kumtambua mkosaji, au angalau ukoo wake, kabla hajashika spana. Asiyejua anafungua bolti akiomba Mungu.

Nianze na uzee, maana ndiyo hoja inayotolewa kwa ujasiri kuliko zote na yenye uthibitisho mdogo kuliko zote. Injini ya 240Z, ile L24 ya sentimita za ujazo 2,393, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Katika mpangilio huo pistoni zinapopanda na kushuka nguvu za moja hufutwa na za nyingine, hata zile za mara mbili kwa kila mzunguko ambazo silinda nne za kawaida haziwezi kuzikwepa. Injini kama hiyo ikitetemesha gari, pana kitu kimeharibika; haikuzaliwa hivyo, na miaka hamsini haiwezi kuibadilishia jometri. Chuma cha propela nacho hakisomi kalenda. Vinavyozeeka ni raba, grisi na matairi, na hivyo vyote vina dalili zake za kutazamwa kimoja kimoja. Kusema "gari limezeeka" ni kukataa kutazama.

Tena gari hili tunalisingizia katika eneo ambako lilijipatia jina. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa na 240Z, Shekhar Mehta akaja wa pili na gari kama hilohilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, baada ya kulingana adhabu na Harry Källström, naye wa Datsun. Gari la Herrmann, jekundu lenye boneti nyeusi, bado limehifadhiwa na Nissan kule Zama, Japani. Mashindano ya maelfu ya kilomita za vumbi, matope na makorongo hayamalizwi na gari ambalo kutetemeka ndiyo tabia yake.

Kuna kundi la pili lenye kosa hilohilo, ila lenyewe limevaa vizuri. Hawa ni wapenzi wa magari ya kale wanaosema mtetemo ni "roho ya gari", ukiuondoa umeliua. Sitapoteza wino mwingi kwao. Aliyebuni gari lile hakukaa mezani akachora mtetemo.

Barabara nayo inasingiziwa, ingawa si sana. Rasta kweli hutikisa gari. Lakini mtikisiko wa barabara unaanzia barabarani na unaishia barabarani. Ukitoka kwenye moramu ukaingia lami ya Himo na gari likaendelea kuvuma vilevile kwa kasi ileile, barabara imejitoa kwenye kesi. Kipimo hicho hakina gharama, na bado watu wanabadilisha shokapu nne bila kukifanya.

Sasa krosi. Hapa ndipo nataka kukaa, maana ndipo imani ilipo.

Anayedai kwamba gari la zamani likitetemeka ni krosi hajajiuliza gari gani. Volkswagen Beetle ilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, nayo haina propela kabisa. Injini, gia boksi na difu vyote viko nyuma vimeshikana. Porsche 911 ni hivyohivyo. Peugeot 404, ambayo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nayo mwaka 1966 na 1967, ina propela iliyofichwa ndani ya bomba zito linalotoka gia boksi hadi difu, na krosi yake ni moja tu, mbele. Halafu chukua 240Z: propela ina krosi mbili, na kwa kuwa magurudumu ya nyuma yanajitegemea kuna shafti mbili za pembeni, kila moja na krosi zake mbili. Jumla sita. Kwa hiyo fundi anaposema "ni krosi", kwenye gari moja amesema kitu kisichokuwepo, kwenye lingine amebahatisha, na kwenye la tatu amesema neno lenye majibu sita bila kuchagua hata moja.

Lakini tuseme amechagua. Bado hajafika. Krosi ina kasoro ya kimaumbile iliyojulikana tangu zama za Robert Hooke katika karne ya 17: ikifanya kazi kwa pembe, upande unaopokea hauzunguki kwa mwendo mmoja. Unaenda haraka kidogo, kisha polepole kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, kasi inapanda na kushuka kwa asilimia 1.5 hivi. Pembe ikiwa digrii 3, inakuwa kama sehemu ya kumi ya hapo. Ndiyo maana propela inawekewa krosi mbili: ya nyuma irudishe kile ambacho ya mbele imeharibu, kwa sharti kwamba pembe zao zilingane na uma zao zitazame upande mmoja. Sharti hilo likivunjwa, krosi mpya kabisa, halisi, ya Kijapani, itatetemesha gari siku ileile iliyofungwa. Baada ya miezi michache itakufa, na sokoni tutasikia kwamba spea za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila krosi nyingi zinazolaaniwa kwa ufeki zimeuawa na pembe.

Ushahidi mkubwa wa hilo ameutoa mtengenezaji mwenyewe. Katika 240Z za mwanzo difu ilikaa mbele kidogo ya mstari wa magurudumu, kwa hiyo shafti za pembeni zilitoka kwenye difu zikielekea nyuma kwa mshazari, na krosi zake nne zikafanya kazi kwa pembe muda wote hata gari likiwa kwenye lami iliyonyooka. Mwaka 1971 Nissan waliisogeza difu nyuma kama milimita 35 ili shafti zinyooke. Tafakari maana yake. Kiwanda chenye uwezo wa kupata krosi yoyote duniani hakikutafuta krosi bora zaidi, kilihamisha difu. Mwenye gari la mwanzo la aina hiyo angeweza kubadilisha krosi mpaka mjukuu wake arithi tabia hiyo, na mtetemo ungebaki.

Sasa njoo huku kwetu, ambako gari likipelekwa kijijini jambo la kwanza ni kulinyanyua ili lisiguse mawe. Springi zinawekewa spesa, tumbo linapanda, na hakuna anayetazama pembe ya shafti za pembeni ambazo sasa zinaning'inia. Au injini ya asili imekufa, ikawekwa ya Toyota, propela ikakatwa ili itoshee na kuchomelewa na fundi yuleyule anayechomelea mageti. Propela ya 240Z ni ya kipande kimoja, uma zake mbili zimeungwa kwenye bomba moja, kiwandani zilitazamana sawasawa. Ukilikata bomba hilo na kuliunga kwa macho, uma zinapishana, na bomba halinyooki tena. Mwenye gari hilo akija kulalamika, anabadilishiwa nini? Krosi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la asili la 240Z, 175 kwa rimu ya inchi 14, lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakata mita 28 hivi kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 14 kwa sekunde. Kama difu ni ya 3.9, propela inazunguka mara 54 katika sekunde hiyohiyo. Krosi za propela zenye pembe mbaya zinasukuma mara mbili ya hapo, 108. Injini ikiwa gia ya nne, ambayo haiongezi wala haipunguzi, inakwenda sambamba na propela, yaani mizunguko 3,270 hivi kwa dakika. Ukiweka ya tano injini inashuka lakini propela inabaki palepale, kwa sababu propela inatii magurudumu.

Idadi hizo tatu mwili unazitofautisha. Mara 14 kwa sekunde ni mtikisiko unaouona: usukani unacheza mikononi kama kosa liko kwenye magurudumu ya mbele, kiti kinakusukuma mgongoni kama liko nyuma. Mara 54 huwezi tena kuufuata kwa mkono. Unakuwa mvumo, sakafu inawasha nyayo, na kioo cha kutazamia nyuma kinaonyesha trafiki wawili mahali pa mmoja. Mia na nane ni sauti zaidi kuliko mtikisiko. Asiyeuamini mwili wake aweke simu kwenye sakafu karibu na kiti. Simu yoyote ya kisasa ina kipimo cha mtikisiko, ndicho kinachogeuza picha ukiilaza, na programu za bure zinazosoma idadi ya mitikisiko kwa sekunde zipo. Ikisoma 14, ondoka kwenye propela. Ikisoma 54, acha kubalansi matairi.

Na hapa nasema jambo ambalo watu wa Moshi tunalidharau kwa sababu tumelizoea. Tumekaa chini ya kifaa kikubwa kabisa cha kupimia magari. Geti la Marangu liko mita 1,800 na zaidi, mji wa Moshi uko chini ya 1,000, na katikati kuna lami ya kupanda na ya kushuka kadiri utakavyo. Ukivuka Njia Panda ya Himo ukielekea Mwanga, unapata tambarare ndefu. Fundi wa Dar es Salaam akitaka mteremko mrefu wa kupimia anautafuta wapi?

Matumizi yake ni haya. Kwenye tambarare, panda kasi taratibu hadi mtetemo uje, uikumbuke hiyo kasi. (Vijijini ni 50, na mwenye tochi hatasikiliza hadithi ya propela, tafuta sehemu isiyo na nyumba.) Kaa kwenye kasi hiyohiyo, badilisha kutoka gia ya nne kwenda ya tano. Mtetemo ukibaki kwenye kasi ileile, injini na klachi zimeachiwa huru, kosa liko nyuma ya gia boksi. Ukihama ukaifuata sindano ya mizunguko ya injini, uko mbele. Kisha kanyaga mafuta, kisha achia. Kitu kilichopoteza ulinganifu wa uzito, tairi au propela, hakijali sana kama umekanyaga au umeachia. Kinajali kasi tu, na nguvu yake inakua kwa mraba, kwa hiyo kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Krosi yenye pembe mbaya inajali sana, maana ukikanyaga mafuta pua ya difu inanyanyuka kwenye raba zake na pembe zinabadilika. Ndiyo maana gari linalotetemeka linapoondoka na mzigo kwenye mwinuko wa Kilema, halafu linatulia likishachanganya, linasema habari nyingine kabisa na lile lililo kimya hadi kilomita 90.

Mteremko unakupa kipimo cha mwisho. Sehemu ya mteremko mpole, iliyonyooka, bila gari nyuma, toa gia kwa sekunde chache tu ukiwa kwenye kasi ya kesi, injini ikinguruma polepole. Sisemi mtu ateremke nyutro toka Marangu hadi Himo. Wanaofanya hivyo tunawazika. Wala injini isizimwe, breki zinategemea mvuto wake. Sekunde hizo chache zinatosha. Mtetemo ukiendelea injini ikiwa imepumzika, utaitaje tena maunti za injini?

Hizo maunti zina kesi yake, na ni fupi. Maunti haitengenezi mtetemo. Kazi yake ni kuuzuia usipite kutoka kwenye injini kuja kwenye bodi. Iliyokufa inaupitisha, lakini mtetemo lazima uwe umezaliwa mahali pengine kwanza. Anayebadilisha maunti na gari likatulia amefunga mlango, mwizi bado yuko uani. Mbaya zaidi ni zile za kukata kwenye tairi la lori, raba ngumu yenye nyuzi ndani, ambazo zinadumu sana kwa sababu hazifanyi kazi yoyote. Gari zima lililofungwa raba hizo linavuma, na mwenye nalo anaamini ameimarisha.

Narudi kwenye krosi, kwa sababu sijamaliza na ubaya wake. Tiba yenyewe ikitolewa ovyo inaleta ugonjwa. Tazama fundi anavyoibadilisha: hakuna alama aliyoweka kwenye flenji ya difu, ambayo bolti zake nne zinakubali kurudi kwa namna zaidi ya moja. Kikombe cha krosi kinaingizwa kwa nyundo. Ringi za kufungia, ambazo unene wake huchaguliwa ili krosi ikae katikati kabisa, zinawekwa zozote zilizokuja kwenye boksi. Sasa piga hesabu. Propela ya kilo 6 ikihama katikati yake kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni sawa na kubandika gramu 15 upande mmoja wa bomba lenye nusu-kipenyo cha sentimita 4. Gramu 10 tu hapo, kwa mizunguko ile 54, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 5, zikibadili upande mara 54 kila sekunde. Gari lililoingia gereji na tairi bovu linatoka na tairi bovu na propela iliyopinda kimahesabu.

Kuna kosa moja dogo linalonikera kuliko yote. Kwenye bomba la propela utakuta kipande kidogo cha bati, ukubwa wa kucha ya dole gumba, kimechomelewa kwa madoa mawili. Kinaonekana kama uchafu wa kiwandani. Fundi anayependa usafi anakipiga na jiwe la kusagia, anasawazisha, anapaka rangi nyeusi, propela inang'aa. Kipande kile ndicho uzito wa kusawazishia, kilichowekwa na mashine iliyoizungusha propela hiyo, hiyo peke yake, siku ilipotengenezwa.

Nisieleweke vibaya: krosi hufa. Ikifa inaonyesha. Shika propela kwa mikono miwili, gari likiwa juu ya stendi imara na si jeki peke yake, magurudumu ya mbele yamezibwa, uisokote huku na huku; ikicheza pale kwenye msalaba, imekwisha. Ukiitoa na ikawa inageuka kwa kushikashika, imekwisha. Pembeni mwa kikombe ukikuta unga mwembamba wa kutu uliojikusanya kwenye sili, sindano za ndani hazina grisi. Ukitoka riva kuingia gia ya kwanza ikalia "tak", ishuku, ingawa hata difu iliyolegea hulia hivyo. Hizo ni dalili. Ninachopinga ni kuihukumu bila dalili hata moja.

Zamani kila homa ilikuwa malaria na kila mgonjwa alitoka na dozi. Zahanati zetu sasa zinapima damu kwanza. Gereji zimebaki kule.

Na wakosaji wa kweli wa huku mlimani ni wanyenyekevu mno kushukiwa. Magari mengi ya kale ya Uchagani yanalala bandani mwaka mzima chini ya turubai, kati ya migomba, yakimsubiri mwenyewe aje Krismasi. Desemba anafika na familia, anatia betri, anashuka kwenda mjini, gari linamtikisa, siku ya pili liko gereji. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja miezi kumi na moja linaota bapa. Bapa dogo hupona tairi likipata joto, kwa hiyo kabla ya kulalamika endesha kilomita 15 au 20. Bapa la miaka halitapona. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi hilo hata likiwa na kashata nzima, raba yake imekuwa ubao. Halafu matope. Udongo wa mlimani wakati wa masika unaingia ndani ya rimu, upande usioonekana, unakauka na kung'ang'ania hapo, nusu kilo upande mmoja. Nimeona gari likipangiwa kushushwa difu, na dawa ikawa bisibisi ya kukwangulia na ndoo ya maji.

Ikiwa vipimo vyote vimeelekeza kwenye propela, na pembe ziko sawa, na krosi hazichezi, bado hujafika mahali pa kununua kitu. Nunua klipu mbili za kubania mipira ya rejeta. Zifunge kwenye bomba, upande wa difu, vichwa vya skrubu pamoja. Gawa bomba sehemu nne kwa chaki, weka vichwa kwenye ya kwanza, endesha. Hamishia ya pili, endesha. Kuna mahali mtetemo utazidi na mahali utapungua. Ukishapata upande mzuri, tanua vichwa viwili kidogo kidogo hadi utulie. Ukitulia, umethibitisha kwamba ni uzito, na sasa una haki ya kuitoa propela na kuitafutia mashine ya kuisawazisha. Usipobadilika popote ulipozungusha klipu, propela haina kosa hilo, uiache.

Najua hoja itakayorudishwa, na ni nzuri kuliko hizo nne nilizoanza nazo. Timu za Safari zenyewe, wataniambia, zilikuwa zinabadilisha vitu vizimavizima kando ya barabara bila kupima: shokapu, gia boksi, difu. Kweli. Lakini walikuwa wanabadilisha kwa ratiba, wakijua kitu kile hudumu umbali gani, na walichofunga kilikuwa kimepimwa kabla. Kazi ya kufikiri ilifanyika mapema, na iligharimu fedha nyingi. Gereji ya Moshi inaiga mwisho wa kazi hiyo bila mwanzo wake.

Halafu fundi mwenyewe atasema: "Mzee, nikikaa na gari lako saa mbili napanda nalo Marangu na kushuka, utanilipa nini? Ukiona krosi mkononi unalipa. Ukiona nimefikiri hulipi." Hapo simshindi kwa hoja, kwa sababu anasema kweli. Sisi wenye magari tunabishana na fundi kwa ajili ya ujira wake, kisha tunavuka barabara kulipa bei ya spea bila kukohoa. Tumemfundisha kwamba kichwa chake hakina bei, ila boksi lina bei. Basi bei ipangwe kabla gari halijaondoka: saa mbili za kupima barabarani, ujira wake huu, ulipwe hata kama atarudi akisema hakuna cha kununua, tena ulipwe kwa furaha zaidi akirudi na jibu hilo. Na arudi na karatasi, si na neno. Iandikwe kasi ambayo mtetemo ulianza, ulikuwa gia gani, ulibaki au uliondoka ulipotoa gia, ulizidi ulipokanyaga au ulipoachia, na simu ilisoma ngapi. Mistari mitano. Fundi mwingine yeyote, wa Himo au wa Arusha, ataisoma na kuendelea pale mwenzake alipoishia, bila kuanza upya na krosi.